Mwavuli wa Mama Sokoni Rongo

Tangu nirudi kutoka China, hakuna kinyozi wa Migori aliyewahi kuninyoa kimya. Mashine ikiwashwa tu, maswali yanaanza. Ni kweli wanakula nyoka? Ni kweli kila mtoto anajua kupigana? Wao kwa wao wanatambuanaje, na sura ni moja? Huwa ninawajibu bila kuchoka. Nyoka nilimwona ndani ya tangi la mkahawa, aliyemla sikumwona. Watoto niliowaona walikuwa wamebeba mifuko mizito ya vitabu na hawakuwa na nafasi ya kumpiga mtu. Na kuhusu sura, mwalimu wangu wa karakana alinichanganya muhula mzima na kijana wa Zambia ambaye alikuwa mfupi kuliko mimi, tena mwenye upara.

Najibu kwa sababu nina haki ya kujibu. Sikupelekwa China na mjomba mwenye cheo. Nilikuwa fundi wa friji katika kibanda cha mabati nyuma ya stendi ya Migori. Nikauza pikipiki, nikauza vifaa vyangu vyote isipokuwa geji ya gesi, nikakata tiketi. Nilikaa Wuhan mwaka mmoja wa lugha na mitatu ya chuo, na nikarudi na diploma ya mitambo ya baridi yenye muhuri mwekundu. Nimeitundika ofisini kwangu Homa Bay mahali ambapo mteja akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Kiwanda kidogo cha barafu kilicho karibu na ufuo ni changu. Samaki wengi unaowakuta Nairobi wakiwa bado na macho ya kung'aa wamesafiri wakilalia barafu yangu. Haya si majivuno. Ukitaka uje uone.

Lakini kuna jambo ambalo vinyozi hawaniulizi kamwe, na ndilo ninalolikumbuka kwa furaha kuliko yote. Hawaniulizi Wachina wanaoanaje.

Nilipofika Wuhan nilikuwa mdadisi kuliko kinyozi yeyote. Kila asubuhi nilisimama pembeni ya barabara kuwatazama watu wakila tambi zilizopakwa ufuta uliosagwa, huku wakitembea, kopo mkononi, bila kumwaga tone kwenye shati. Nilijaribu nikachafua mashati mawili kabla sijaweza. Jioni niliwatazama akina mama wa umri wa mama yangu wakicheza ngoma kwa mistari uwanjani, wamevaa viatu vya raba, wala hawakuwa na sherehe yoyote. Ilikuwa tu jioni. Niliwaona wazee wakitembea kinyumenyume bustanini kwa ajili ya afya ya mgongo. Na jambo lililonishinda kabisa, mimi mtu wa baridi, ni kwamba watu hawa ambao mashine zao za barafu zinauzwa kila pembe ya dunia, wao wenyewe wanakunywa maji moto. Katikati ya joto la Julai, joto linalolainisha lami, mwalimu wangu wa mitambo ya baridi alifundisha akiwa na chupa ya maji moto mezani. Siku moja alinikuta nakunywa maji ya friji. Akaninyang'anya glasi, akamwaga maji, akanimiminia yake.

"Wewe unataka kuua tumbo lako," alisema.

"Mwalimu, si wewe umetufundisha kuyapoza?"

"Nimekufundisha kupoza nyama."

Basi Jumapili moja manyunyu yalinikuta karibu na bustani kubwa ya mji. Ndani ya lango nikaona miavuli imefunguliwa na kuwekwa chini, mistari mirefu pande zote mbili za njia, ya rangi za kila aina. Nyuma ya kila mwavuli kulikuwa na mzee ameketi kwenye kistuli. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikachagua mmoja wa buluu, mkubwa, nikamwuliza mama aliyekuwa nyuma yake, "Huu ni bei gani?"

Hakunitajia bei. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Una urefu gani?"

Nikafikiri pengine kwao mwavuli unapimwa kama suti. Nikamwambia urefu wangu.

"Umezaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Una nyumba?"

"Mama, mimi nataka mwavuli tu. Nalowa."

Yule mama alicheka mpaka akashika kifua. Akawaita wa kulia kwake na wa kushoto kwake, akawasimulia, nao wakawasimulia wengine, na kicheko kikatembea kwenye mstari wote kama moto wa nyasi. Kisha akanionyesha kile ambacho macho yangu ya haraka hayakukiona. Juu ya mwavuli, imebanwa kwa vibanio vya nguo, ndani ya mfuko wa plastiki, palikuwa na karatasi. Ilisema: binti, amezaliwa mwaka wa Farasi wa kalenda yao, urefu kadhaa, shahada ya uhasibu, kazi nzuri Shenzhen, mtulivu, mpenda familia. Mwavuli ule haukuwa wa kuuzwa. Mwavuli ule ulikuwa binti yake. Na kila mwavuli mwingine ulikuwa mtoto wa mtu, mtoto asiyekuwa na mke au mume, na mzazi wake ameketi hapo kumtafutia, wakati mtoto mwenyewe yuko mji mwingine kazini na hana habari kwamba mama yake amemweka njiani Jumapili.

Nilimwita ayi, maana ndivyo mwanamke wa umri wa mama yako mdogo anavyoitwa kule. Kuanzia siku hiyo nilirudi karibu kila Jumapili. Wanafunzi wenzangu walijifunza lugha kwa kaseti na simu. Mimi nilijifunza kwenye kistuli cha ayi, na ndiyo sababu Kichina changu kina maneno mengi ya ukwe. Ayi alikuwa mstaafu wa kiwanda cha nguo. Aliniletea mbegu za alizeti zilizokaangwa, tukawa tunazimenya tukitazama wapita njia. Baba mmoja mwenye kijana wa pekee alikuwa akisimama, anasoma karatasi, anauliza kama binti yuko tayari kuhama Shenzhen, anatikisa kichwa, anaenda mwavuli unaofuata. Hakuna aliyeona aibu. Waliulizana nyumba, kazi, ugonjwa wa babu, kama watu wanaokagua gari la mkono wa pili, kisha wakaagana kwa heshima kubwa.

Siku moja nikamwuliza kama kweli kuna mtu aliyewahi kuoa kupitia hapo.

"Nimesikia mmoja," alisema. "Simjui."

"Sasa ayi unakuja kufanya nini?"

Alimenya mbegu yake taratibu. "Nikibaki nyumbani Jumapili nitaitazama simu isiyolia. Hapa hata za wenzangu hazilii."

Naye pia alikuwa mdadisi. Alitaka kujua ng'ombe wetu wa mahari tunawapelekaje, kwa lori au kwa miguu. Alitaka kujua kama ni kweli kwetu mtu anajenga nyumba yake mwenyewe na kuiingia bila kupanda lifti. Na siku aliyoniuliza kuhusu ndugu zangu ndiyo siku nilipotambua kwamba nina tatizo, maana sikuwahi kulitazama kwa macho ya mtu mwingine. Nilimweleza kwamba nina ndugu mmoja mdogo, fundi seremala, na kwamba kwetu Wajaluo watoto wa kiume huoa kwa kufuatana. Mimi wa kwanza nisipoleta mke katika simba yangu, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujengewa ndani ya boma la wazazi, yeye wa pili hawezi kumwingiza wake katika simba yake. Akifanya hivyo amenivuka, na hiyo ni balaa kwa nyumba nzima.

"Yeye ana mchumba?" ayi akauliza.

"Anaye. Mwalimu wa chekechea upande wa Uriri. Muda mrefu sasa."

Ayi alinipiga paja kwa kiganja. "Na wewe umesimama katikati ya barabara kama basi bovu, uko China unakula alizeti zangu!"

Kuanzia hapo kila Jumapili alikuwa upande wa ndugu yangu, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Nilirudi nyumbani. Mtu hawezi kuoa akiwa bado anatafuta sehemu ya kufunga kompresa, kwa hiyo nikamwambia ndugu yangu angoje kiwanda kisimame. Kiwanda kikasimama. Nikamwambia angoje umeme utulie. Yeye ni mpole. Alisema tu, "Sawa, bro," akaendelea kuranda mbao. Lakini mwaka juzi baba wa yule mwalimu alituma neno kwa njia ya shemeji yake. Hakutukana. Alisema kwamba binti yake amengoja vya kutosha, na kwamba kama watu wa kwetu hawatakuwa wamekanyaga uani kwake kabla ya Krismasi, kuna watu wengine wanaobisha hodi na yeye ataanza kuwafungulia.

Ndugu yangu aliniletea neno hilo Homa Bay yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kreti tupu la samaki, na mikono yake, mikono isiyotetemeka hata juu ya msumeno, ilikuwa ikishikana na kuachana.

"Si uongee na mama," nikamwambia. "Mimi nimekubali. Tangulia."

"Nimeongea. Anasema akiwa hai hakuna mdogo atamruka mkubwa kwa hii boma."

Mama yetu huuza njugu na dengu katika soko la Rongo. Baba alifariki tukiwa wadogo, na njugu hizo ndizo zilizotulisha. Mama hakusoma sana ila hakuna mtu katika familia anayependa habari za China kama yeye. Kila Jumapili nikitoka Homa Bay, nikapita Rodi, nikafika nyumbani nyuma ya Rongo, hunipa chai, kisha ananiambia, "Haya, endelea." Nami naendelea. Jumapili moja, baada ya lile neno la Uriri, nikiwa nataka kumchekesha, nilimsimulia habari za miavuli.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ni ya rangi gani?"

"Rangi zote, mama."

"Na upepo ukikuja?"

"Wanaweka jiwe kwa mpini."

"Karatasi inaandikwa na nani?"

"Mama, ni hadithi tu."

"Huyo mama wa buluu, ako kwa simu?"

Ayi alikuwa kwenye simu. Kule ilikuwa jioni ya mapema; tulimkuta jikoni akimenya vitunguu saumu. Nilishika simu katikati nikitafsiri, na ninasema bila woga kwamba siku hiyo katika kaunti nzima hakuna mtu mwingine angeweza kufanya kazi ile. Mama alimwonyesha njugu zetu. Ayi akaenda akaleta zake, na kila mmoja akasifu za mwenzake. Kisha mama akaenda moja kwa moja.

"Mwulize, binti yake ana kasoro gani?"

"Mama, hilo haliulizwi."

"Uliza."

Nikauliza kwa maneno laini kadiri nilivyoweza. Ayi alishangaa. "Kasoro? Hakuna anayeandika kasoro. Sote tunaandika mazuri."

Nikamweleza mama. Akaguna. "Ndiyo maana hawaolewi. Mwambie, mimi nikiuza njugu na sisemi za chini zimelowa, soko ijayo niko peke yangu na nzi."

Nilipotafsiri hilo, ayi alicheka kile kicheko chake cha kushika kifua. Wiki iliyofuata alinitumia picha. Chini kabisa ya karatasi yake ya bustanini alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: hasira za haraka, hajui kupika, simu ya mama yake hapokei mchana. Akaniambia watu walisimama pale kuliko walivyowahi kusimama, wakicheka, wakaanza kumweleza na kasoro za watoto wao. Binti yake hajaolewa mpaka leo, na ayi mpaka leo huenda bustanini. Ila sasa, anasema, wamama wa mstari ule wanabeba chakula cha kula pamoja.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Siku ya soko iliyofuata nilikuwa kiwandani Homa Bay, nikipima barafu ya mama mmoja muuza samaki ambaye ni mteja wangu wa tangu mwanzo. Alikuwa akitazama simu yake. Akanitazama mimi. Akatazama simu tena.

"Wuod mama," akaniita, yaani kaka yangu, "kwani wewe umewekwa kwa soko?"

"Soko gani?"

"Si huyu ni wewe? Yawa! Hadi kukoroma wameandika!"

Akanigeuzia simu. Ilikuwa picha ya kibanda cha mama, magunia ya njugu na dengu, na mbele yake mwavuli mkubwa mwekundu umewekwa chini na jiwe juu ya mpini. Juu ya mwavuli kulikuwa na karatasi, imebanwa kwa vibanio vya nguo, mwandiko wa ndugu yangu ninaoujua tangu shule ya msingi:

KIJANA YANGU WA KWANZA. Amesoma China, ana diploma. Ana kiwanda ya barafu Homa Bay, ni yake. Ni mrefu, mlango ya kanisa anainama. Hanywi pombe. Anaongea sana. Anajisifu lakini huwa ni ukweli. Akilala anakoroma. Ndugu yake mdogo anangoja. Uliza mama hapa kwa njugu.

Sikumaliza kupima ile barafu. Niliendesha gari mpaka Rongo nikiwa nimepanga hotuba ya kumpa mama, nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Nilipofika, kibanda kilikuwa kimezungukwa kama kumeanguka ndege. Wamama wa viazi vitamu, vijana wa bodaboda, wanafunzi wa chuo kikuu wakipiga picha.

"Ndiye huyo! Amekuja mwenyewe!"

"Geuka tuone nyuma!"

"Mama, ametumika au ni mpya?"

"Mpya," mama akajibu, akimpimia mtu dengu. "Amekaa kwa stoo tu."

Ndugu yangu alikuwa amejificha nyuma ya magunia. "Bro, alinilazimisha," alisema. "Ile ya kukoroma nilikataa kuandika, akasema basi hanipi chakula."

Kabla sijaanza hotuba yangu, mwanamke mmoja aliyevaa gamboti na koti la kijani lenye madoa ya dawa alipenya katikati ya watu. Aliinama, akaisoma karatasi yote bila hata kutabasamu, kisha akamgeukia mama.

"Mama, shikamoo. Hii barafu ni ya vipande au ya unga?"

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimesimama hapo nikijua kabisa jinsi mtu anavyojisikia mbele ya mwavuli akitaka kitu kimoja wakati watu wote wanajua ni kingine.

"Ni ya vipande," nikamjibu. "Unataka ya kazi gani?"

Alikuwa daktari wa ng'ombe, mchanjaji, akifanya kazi upande wa Ogwedhi kwenye mnada wa mifugo. Nyumbani kwao ni karibu na Isebania. Baba yake ni Mkuria. Friji ya stoo yao ya chanjo ilikuwa imekufa, na chanjo ikipata joto ni maji tu. Wafugaji walikuwa wanakuja kutoka mbali na mifugo yao, na yeye alikuwa anazunguka miji akitafuta barafu ya kujaza maboksi.

"Diploma yako ni ya nini?" akaniuliza, akionyesha karatasi.

Nilimweleza ni ya nini. Nilimweleza kwa urefu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Basi wewe ndiye mtu nilikuwa natafuta," na vijana wa bodaboda wakapiga mayowe.

Nilimpelekea barafu Ogwedhi asubuhi iliyofuata, na nyingine baada ya hapo. Niliona kazi yake: teke la ng'ombe mkali halimtishi, na wazee wa Kimaasai wenye fimbo ndefu wanamwita daktari kwa heshima wakimnong'oneza magonjwa ya ndama zao. Kisha nikafanya kosa ambalo ni fundi mzuri tu anaweza kulifanya. Nilimtengenezea friji yake. Niliifungua, nikakuta kapilari, ule mrija mwembamba wa gesi, imeziba, nikaibadilisha, nikajaza gesi kwa geji yangu ileile ya Migori, na friji ikapoa kuliko ilivyokuwa mpya. Nilikuwa barabarani kurudi Homa Bay nikijipongeza ndipo nikatambua kwamba sasa sina sababu ya kurudi Ogwedhi.

Wiki iliyofuata nilipeleka barafu hata hivyo.

"Friji inafanya kazi," alisema, amesimama mlangoni na sindano mkononi. "Hii barafu ni ya nini?"

"Ya akiba."

"Akiba ya nini?"

"Umeme wa Kenya unaujua."

Akaichukua. Aliichukua na ya wiki nyingine, na nyingine. Tulikaa kwenye ukingo wa gari langu tukila mahindi ya kuchoma, naye aliniuliza habari za China ambazo hakuna kinyozi aliyewahi kuziuliza: wanawachanjaje nguruwe, na mzee akifa nani hubaki na ng'ombe wake. Sikuwa na majibu yote. Nilimpigia ayi kuuliza, na ayi, mtu wa kiwanda cha nguo, akaenda kumwuliza mtu wa kijijini kwao kwa ajili yake. Kila nilipopiga, ayi alianza na swali lilelile: ndugu yako ameoa?

Oktoba ikaisha. Nilimwuliza yule daktari kama angekuja nyumbani kwetu, rasmi. Alijua nilichokuwa nauliza.

"Karatasi ya mama yako ilisema ndugu yako anangoja," alisema. "Nilisoma yote. Mimi siwezi kuolewa ili foleni ya watu wengine isonge. Mimi si askari wa trafiki."

Alikuwa na haki. Kama ningembembeleza, ningekuwa nambembelezea ndugu yangu. Kama nisingembembeleza, Krismasi ilikuwa inakuja. Nilimwambia ndugu yangu ukweli jinsi ulivyo. Alisema, "Sawa, bro," lakini siku hiyo hakuranda mbao. Alikaa tu kwenye karakana yake milango ikiwa imefungwa.

Nilichofahamu baadaye ni kwamba yule daktari alipangiwa kuchanja ng'ombe upande wa Uriri, akaulizia boma la mwalimu wa chekechea ni lipi. Alichanja ng'ombe wa baba wa yule mwalimu. Binti ndiye aliyemshikia kamba ya ndama. Wakazungumza, na binti akamwingiza ndani kumnywesha chai. Siku mbili baadaye gari la mifugo lilisimama nje ya kiwanda changu, akaingia na gamboti zake juu ya sakafu yangu iliyooshwa.

"Nimemwona yule msichana," alisema. "Ameshona mapazia ya nyumba ambayo hajawahi kuingia. Anajua dirisha lina upana gani kwa sababu ndugu yako alimpimia. Nilidhani ni foleni ya watu nisiowajua."

Nikaokota koleo langu la barafu.

"Lakini sikuja kwa sababu yake tu," akaendelea. "Barafu yako ya akiba naimwaga kila wiki, na kila wiki naingoja. Sasa niulize tena, na usihutubie."

Nikamwuliza kwa sentensi moja, nikiwa na koleo la barafu mkononi. Akakubali, kwa sharti kwamba diploma haitatundikwa chumbani.

Tulikwenda kwao Isebania, na mambo ya kwao yalikwenda vizuri. Wazee wake walinihoji kuliko ayi, nami nikawajibu kuliko nilivyomjibu ayi. Mwanzoni mwa Desemba mke wangu aliingia katika simba yangu, ile ya udongo yenye paa linalovuja upande wa kichwani. Mimi nina nyumba ya mawe Homa Bay, yenye vigae, lakini mama hakutaka kuisikia. Tulilala pale tukisikiliza matone kwenye beseni, na mke wangu akathibitisha kwamba karatasi ya sokoni haikudanganya hata neno moja.

Siku chache kabla ya Krismasi tukaenda Uriri. Baba mdogo alituongoza, mama akafuata na mtungi wa njugu za zawadi, halafu mimi na mke wangu, na ndugu yangu nyuma kabisa, shati lake jeupe likiwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Baba wa binti alitupokea bila tabasamu. Alituketisha, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani katika nyinyi ndiye mkubwa aliyekuwa hajaoa?"

Nikasimama. Nilianza kumweleza kuhusu kiwanda, umeme na China, na nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye chuo, mzee akainua mkono.

"Kijana, keti. Umetosha." Akamgeukia mke wangu, akakunja uso, kisha uso ukafunguka. "Daktari? Si ni wewe uliyechanja ng'ombe zangu?"

"Ni mimi, baba. Yule mwekundu anaendeleaje?"

"Anakula vizuri. Na huyu ulimpata wapi?"

"Nilikuwa natafuta barafu, baba."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza, na wazee waliokuwa pembeni wakacheka naye, na baba mdogo akashusha mabega. Ndipo mzee akaamuru binti aitwe. Alikuja na shangazi zake, ametazama chini kama inavyotakiwa, akasimama katikati ya chumba. Baba yake akamwuliza mbele yetu sote, kama desturi ilivyo, "Hawa wageni unawajua?"

Binti aliinua macho. Hakunitazama mimi wala mama. Alimtazama ndugu yangu, aliyekuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Nawajua," alisema. "Ni wale waliochelewa."

"Niwafukuze?"

"Wapewe maji ya kunawa, baba."

Shangazi mmoja akaleta birika na beseni. Akaanza na baba mdogo, akaja kwangu, akafika kwa ndugu yangu, na ikabidi amngoje, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haijaachia magoti.